Rili Nyeusi

Asubuhi ya mchezo wa mwisho nilishinda chooni. Sikuwa na haja yoyote, nilikuwa nanawa mikono tu. Mikono yangu ikitoka jasho kete zinateleza, kwa hiyo nilinawa, nikajifuta kwa sketi, nikafika mlangoni, nikarudi kunawa tena. Mama mmoja aliyekuwa anapiga deki akaniuliza kama nimekula kitu kibaya. Nikamwambia bado sijala, ila nina wasiwasi nitaliwa.

Nafasi ilikuwa moja. Timu ya chesi ya taifa ilikuwa imeshajaa isipokuwa kiti kimoja, na kiti hicho kilikuwa kati yangu na mtu niliyepangwa naye raundi ya mwisho. Mimi ilikuwa lazima nishinde. Yeye hata sare ingemtosha. Na mtu mwenyewe alikuwa kaka yangu, wa tumbo moja, aliyenifundisha mchezo huu wakati bado nawekewa mito kwenye kiti ili niweze kuiona meza.

Kaka ni fundi wa lifti. Kazi yake ni kuning'inia kwenye shimo lenye giza akisikiliza waya unalia wapi, na huko ndiko alikopata ile subira yake inayoniudhi. Kila mwaka alikuwa anaikaribia timu, na kila mwaka anaishia kuwa mchezaji wa akiba, anawapungia wenzake mkono uwanja wa ndege na kurudi kwenye mashimo yake. Safari hii alikuwa ameshanunua begi la magurudumu. Lilikaa juu ya kabati lake likiwa bado na nailoni, na mkewe alinionyesha kwa siri huku akicheka. Mimi sikucheka. Nilikitaka kiti kile mpaka usingizi ulikuwa umenikimbia, na sikuwahi kumshinda kaka kwenye mashindano hata mara moja.

Mama naye alinipigia nikiwa bado pale chooni. Mama ni fundi cherehani, na anaongea na simu kama vile anamwita mtu wa ng'ambo ya barabara.

"Nisikilize. Mkimaliza, aliyeshinda asinipigie. Aliyeshinda atakuwa na watu wa kumpongeza. Anipigie aliyeshindwa."

"Na ikiwa sare, mama?"

"Sare kashinda kaka yako. Unadhani mimi sijui hesabu zenu?"

Akakata. Nikanawa mikono tena.

Hapa lazima nieleze habari ya rili, la sivyo yote yaliyofuata hayataeleweka. Seti yetu ya chesi nyumbani ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na askofu mmoja mweusi hakuwepo, yule anayekaa upande wa mfalme. Mama akatoa rili tupu ya uzi mweusi, ya plastiki, akasema, "Askofu wenu huyo hapo." Rili yenyewe ilikuwa imemeguka chini, hivyo haikusimama vizuri. Ukiiweka inaegemea, ukipumua kwa nguvu inaanguka na kuvuruga kete nyingine. Kwa hiyo nyumba yetu ikawa na sheria yake: yeyote anayeiona rili imeegemea, anaisimamisha. Haijalishi ni zamu ya nani wala rili ni ya nani. Mama mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye sindano, alikuwa akipiga kelele, "Rili hiyo!" na mkono uliokuwa karibu unakwenda. Ilifika mahali mikono yetu haikungoja kuambiwa.

Hiyo ndiyo huruma pekee iliyokuwepo kwenye bodi ile. Mambo mengine yote kaka alikuwa mkali kama mwenye nyumba wa kupanga. Ukigusa farasi, utacheza farasi, hata kama anakwenda kufa. Nilikuwa nalia, napiga miguu chini, nasema kidole kimeteleza, na yeye ananyamaza tu, ananingoja nicheze. Gonga, gonga, kidole chake mezani. Basi.

Kwenye mashindano sheria ni hiyo hiyo, ila hakuna rili. Kete yako ukiigusa, utaicheza. Kete ya mwenzako ukiigusa, utaila, kama ipo njia ya kuila. Ukitaka tu kuiweka sawa, sharti iwe zamu yako na useme kwanza, "Narekebisha." Mimi sheria hii nimeihifadhi, na nimeitumia. Klabuni wananiita Nyigu. Mchana kutwa, kwenye ofisi ya maji, napokea simu za watu ambao bomba zao zimekauka, wananitukana kana kwamba maji nimeyanywa mimi, na ninapokuja kucheza chesi sina akiba ya upole. Raundi iliyotangulia daktari mmoja wa meno aligusa ngome yake akabadili mawazo. Sikumwonea haya. Nilinyoosha mkono, mwamuzi akaja, daktari akacheza ngome yake kwa uchungu, akapoteza. Hakunipa hata mkono.

Basi nikaingia ukumbini. Ulikuwa ukumbi wa mitihani wa chuo, meza zimepangwa mistari, feni moja inalia, nyingine haizunguki kabisa. Mwamuzi wetu, mwalimu mstaafu wa hisabati, alivaa raba zisizo na sauti, hivyo humsikii mpaka yuko begani kwako. Kaka alikuwa ameshakaa. Alikuwa amevaa shati lake la harusini.

"Umekula?" akaniuliza.

"Wewe umekula?"

"Mimi sijaweza."

Nilishukuru kusikia hivyo, halafu nikaona aibu kwa kushukuru. Tukapeana mikono. Wake ulikuwa wa baridi.

Yeye alikuwa na kete nyeupe. Akasogeza askari wa mfalme, nami nikajibu kwa Joka.

Joka ni ufunguzi wa mwenye kete nyeusi. Unaitwa ulinzi, lakini ni ulinzi wa jina tu. Unampa mwenzako nafasi ya katikati, halafu unamficha askofu wako kwenye kona, nyuma ya askari, anatazama kwa mshazari bodi nzima mpaka upande wa pili. Kila kitu kinamtegemea huyo askofu. Mweupe naye anamkimbizia mfalme wake upande wa pili, na hapo kila mtu anauvunja mlango wa mwenzake. Hakuna kurudi nyuma. Anayechelewa kwa hatua moja ndiye anayekufa, hata kama alikuwa anaelekea kushinda. Kaka ndiye aliyenifundisha Joka, na kaka huyo huyo alinikataza nisilicheze. Alisema ni mchezo wa watu wasio na wazazi.

Aliponiona nalicheza alinyanyua nyusi kidogo. Akacheza njia kali kuliko zote. Askari wake wa pembeni walianza kushuka kwa mfalme wangu mmoja baada ya mwingine. Ninajua hatua hizi. Nimezirudia mpaka mume wangu akaniuliza kama nina mtu mwingine. Lakini kujua kitu ukiwa kitandani si sawa na kukiona kinakujia. Askari wake walipogongana na wangu, mstari wa pembeni ukabaki wazi, na ngome yake ikawa inatazama moja kwa moja ubavuni mwa mfalme wangu.

Nikatoa ngome yangu nikala farasi wake, nikijua nayo italiwa. Ni kafara linalojulikana kwenye Joka, ila mkono wako unapolitoa hauamini kwamba linajulikana. Watu wakaanza kusogea kwenye meza yetu. Nilisikia mtu akinong'ona, "Nyigu kachanganyikiwa." Nilitaka kumjibu. Saa yangu ilikuwa inakula dakika, na kila nilipoitazama zilikuwa chache kuliko nilivyodhani.

Kaka akamshusha malkia wake mbele ya ngome yake, kwenye ule mstari wa wazi. Sasa wote wawili walinitazama. Mimi nami nilikuwa na malkia wangu jirani kabisa na mfalme wake. Nilihitaji hatua moja tu ya nafasi, moja, nimalize kazi. Kichwa kilinigonga. Nikahesabu, nikapotea, nikahesabu upya. Ndipo nikaona: askofu wangu wa kona akiruka katikati ya bodi, analindwa na askari, anamtishia malkia wa kaka. Malkia lazima akimbie. Akikimbia, nimepata hatua yangu.

Nikamchukua askofu kwa vidole vyenye jasho, nikamtua, nikapiga saa. Kwa haraka ile sikumtua vizuri. Nusu yake ilikuwa juu ya mstari, na kitambaa cha chini ya kete kilikuwa kimebanduka, kwa hiyo akabaki ameegemea. Nilimwona, lakini saa ilikuwa imeshakuwa ya kaka, sikuwa na ruhusa ya kumgusa. Watazamaji hawakuwa nasi tena. Meza ya mwisho kulikuwa na ubishi wa saa iliyogoma, na mwamuzi pamoja na watu wote walikuwa wameelekea huko.

Kaka alifikiri muda mrefu. Alikunja uso, akafumba macho, akayafumbua. Nilimsoma kama ninavyomsoma siku zote, na sikupenda nilichosoma, kwa sababu mabega yake yalianza kushuka. Alishusha pumzi taratibu. Nikajisemea, ameona kitu.

Kisha mkono wake ukatoka. Ulikuja taratibu, ukavuka bodi, vidole viwili vikamshika askofu wangu kichwani, vikamsimamisha katikati ya mraba wake. Wima kabisa. Mkono ukarudi kidevuni.

Hakusema "narekebisha." Hakusema chochote. Hakujua kama amefanya kitu.

Mimi nilijua. Amegusa kete yangu, lazima aile. Na kete yake ya kumla askofu yule ilikuwa moja tu: malkia. Angempoteza malkia kwa askofu, na mchezo umekwisha, na kiti ni changu. Nilitakiwa tu kunyoosha mkono. Mwamuzi angekuja, ningesema nilichoona, na kaka kwa jinsi ninavyomjua asingekana.

Mkono wangu ukanyanyuka. Ulifika usawa wa sikio. Kule mwisho mwamuzi alikuwa ameinama juu ya saa ile, na hatua nne tano zingemfikisha kwetu. Nikawaza begi lenye nailoni. Nikawaza simu za kesho na za keshokutwa, bomba zilizokauka, na mimi sijaenda popote. Nilikitaka kiti. Nasema wazi, nilikitaka hata wakati ule. Lakini mkono ule ulikuwa umekuja kusimamisha rili ya mama, na mimi nilikuwa nataka kuukamata kama mwizi. Nikajikuna kichwa juu ya kitambaa, nikaushusha mkono, nikaukalia.

Kaka aliniona. Aliutazama mkono wangu nilioukalia, akatazama nilikokuwa natazama, kwa askofu, halafu akavitazama vidole vyake. Nilishuhudia habari zikimfikia. Uso wake ulibadilika rangi.

"Umeona?" akanong'ona.

"Sijaona kitu."

"Muongo."

"Cheza mchezo wako, kaka."

"Nyigu mzima hajaona kitu?"

"Nimesema sijaona! Saa yako inakwenda."

"Kuna nini hapa?" Mwamuzi alikuwa begani kwangu na raba zake.

Nilimtazama kaka, nikamwomba kwa macho anyamaze, amsogeze malkia wake mahali popote, tuendelee. Ningeshindwa, ningeshinda, lolote, lakini kwa mchezo.

"Hakuna kitu, mwamuzi," kaka akasema. "Nilikuwa nataka kucheza."

Akamchukua malkia wake, akamla askofu wangu, akapiga saa.

Mtu mmoja aliyerudi kutazama alisema "Eee!" kwa sauti na mwamuzi akamkaripia. Mimi nilibaki nimekaa. Askari wangu angemla malkia yule, mtoto wa darasa la kwanza angeiona hatua hiyo, na dakika zangu zilikuwa zinayeyuka, na sikutaka. Nilikuwa na hasira ya kutaka kuipindua meza. Tangu enzi za mito kwenye kiti nilikuwa nangoja kumshinda mtu huyu, na sasa ananipa ushindi kwa njia ambayo siwezi kuufurahia hata kidogo. Nikamshika kwa macho askari wa upande mwingine kabisa, wa kusogeza tu, nimwachie malkia wake.

Gonga, gonga. Kidole chake mezani.

Nikamla malkia. Kaka akacheza hatua kadhaa za heshima, halafu akaninyooshea mkono. Sasa ulikuwa na joto kuliko wangu.

Watu walinipongeza. Jina langu likabandikwa ukutani, na daktari wa meno alikuja kunipa mkono alioninyima. Sikumbuki nilimjibu nini. Nilimkuta kaka kwenye chumba cha pembeni, pale wachezaji wanaporudia michezo yao. Alikuwa peke yake. Alikuwa ameipanga bodi vilevile ilivyokuwa kabla mkono wake haujavuka.

Sikukaa. "Ulifanya makusudi?"

"Nini?"

"Usinichezee. Ulinionea huruma ukanigusia askofu makusudi?"

Alicheka, kicheko kikavu. "Mimi? Nikupe wewe kiti changu kwa hiari? Mdogo wangu, nimenunua begi la magurudumu!" Akanivutia kiti. "Kaa. Kaa nikuonyeshe kitu."

Nikakaa.

"Ulidhani malkia atakimbia," akasema. "Hakimbii." Akamsukuma malkia mweupe kwenye mstari ule wa wazi mpaka ubavuni mwa mfalme wangu. "Cheki. Humli, ngome iko nyuma yake. Una mlango mmoja tu wa kutokea. Toka."

Nikamtoa mfalme.

Akamleta askofu wake. "Cheki. Ukirudisha askofu wako azuie, namla. Ukikimbia, malkia anaingia nyuma yako. Tafuta pa kutokea."

Nilitafuta. Nilirudisha kete nikajaribu njia nyingine, nikarudisha tena. Kila mlango aliokuwa nao mfalme wangu ulikuwa umezibwa na watu wangu mwenyewe. Nikaendelea kutafuta, kana kwamba mchezo bado haujaisha na saa bado inakwenda.

"Uliiona hii pale pale?"

"Niliiona. Nikaikagua, nikaikagua tena. Nikasema basi, nimekwenda." Alikitazama kidole chake. "Moyo ukatulia. Siku zote hizi haujawahi kutulia vile. Nikawa kama niko nyumbani, na kile kitu kimeegemea, basi mkono ukaenda wenyewe."

Nikamtazama tena mfalme wangu pale alipozibwa.

"Kwa hiyo nilikuwa nimeshafungwa."

"Ulikuwa umeshafungwa."

"Na kiti?"

"Kiti ni chako. Nimegusa, nimecheza." Akasogeza kete zikarudi hatua mbili nyuma. "Sasa angalia. Huko uendako watakuchezea njia hii, usidhani hawaijui. Kabla hujamrusha askofu, mtengenezee mfalme nafasi hapa. Hapa, umeona? Ukilisahau tundu hili huko, mimi nitajua, nitakuwa natazama."

Nikaitikia kwa kichwa. Alikuwa ananifundisha na mimi nilikuwa nashindwa kuiona bodi vizuri. Kisha akapapasa mfuko wa shati lake la harusini, akatoa simu. "Mama atakuwa anangoja," akasema. "Aliyeshindwa ndiye apige."

Nilikuwa na simu yangu mkononi. Nilipiga kabla yake.

Upande wa pili cherehani ilikuwa inanguruma, kisha ikanyamaza.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

Kaka akashusha simu yake. Midomo yake ikasema "Muongo" bila sauti.

"Pole, mwanangu," mama akasema. "Pole sana. Usilie basi. Wewe bado una miaka mbele yako. Kaka yako amekingoja kiti hicho muda mrefu mno, mwache naye aende. Si utamsaidia kufunga begi?"

Nimesema mama anaongea na simu kwa kelele. Kaka alisikia kila neno. Aligeuza uso, akaanza kuzirudisha kete kwenye sanduku moja moja, na askofu mweusi akabaki naye mkononi.

"Nitamsaidia, mama," nikasema.